Mafungu ya Kazi za Serikali Katika Bangladeshi

Leo tunaanza kwa kuchora. Kila mmoja afungue daftari lake, apige visanduku vidogo 100: safu kumi, na kila safu visanduku kumi. Mwalimu naye apige ubaoni. Kila kisanduku ni kazi moja ya serikali. Hiki cha afisa wa wilaya, hiki cha mkaguzi wa kodi, hiki cha karani. Msiandike kitu ndani kwa sasa. Tutavijaza pamoja, kisha tutafuta na kujaza upya, na mkifuatana nami mtaona jinsi ugomvi wa visanduku hivyo ulivyoiangusha serikali iliyokuwa na polisi, na jeshi, na karibu bunge zima mkononi mwake.

Nchi yenyewe ni Bangladeshi. Iko upande wa mashariki wa Bara Hindi, imezungukwa na India karibu pande zote, na kusini inapakana na bahari. Mito mikubwa ya Ganges na Brahmaputra humwaga maji yake huko. Ni nchi ya mpunga na mafuriko, na watu wake ni wengi mno, wapata milioni 170. Katika kila kilomita moja ya mraba wanakaa watu zaidi ya 1,000. Likumbukeni hilo, maana pahali penye watu wengi hivyo kazi ya mshahara hugombewa.

Waingereza walipoondoka Bara Hindi mwaka 1947 waliacha nchi mbili, India na Pakistani. Pakistani ilikuwa nchi ya ajabu: ilikuwa vipande viwili vilivyotengana maili 1,000 hivi, na katikati India. Kipande cha mashariki ndicho kinachoitwa leo Bangladeshi. Wenyeji wake, Wabengali, walikuwa wengi kuliko ndugu zao wa magharibi. Lakini makao makuu yalikuwa magharibi, majemadari wengi walitoka magharibi, na katika ofisi kubwa za serikali Mbengali alikuwa kama mgeni. Watawala walitaka hata lugha ya taifa iwe Kiurdu peke yake. Tarehe 21 Februari 1952 wanachuo wa mji wa Dhaka waliandamana kuitetea lugha yao ya Kibengali, polisi wakawapiga risasi. Wanachuo wa Dhaka: wekeni alama hapo, tutakutana nao tena.

Mambo yakaendelea hivyo hata mwaka 1970, ulipofanywa uchaguzi wa Pakistani nzima. Chama cha Awami League, kilichoongozwa na Sheikh Mujibur Rahman, kilipata viti vingi kuliko vyama vyote. Watawala wa kijeshi hawakukubali kumkabidhi serikali. Usiku wa tarehe 25 Machi 1971 askari waliingia mitaa ya Dhaka, na chuo kikuu pia, wakaanza kuua watu. Ikawa vita ya miezi tisa. Wakulima, askari walioasi na vijana wa shule waliingia msituni na mitoni, wakaunda jeshi la ukombozi liitwalo Mukti Bahini. Wanawake wengi mno walinajisiwa na askari. Mwishoni jeshi la India likaingia vitani, na tarehe 16 Desemba 1971 Wapakistani wakasalimu amri.

Lakini si kila Mbengali alikuwa upande wa ukombozi. Wako waliojiunga na Wapakistani, wakawaonyesha askari nyumba za wapiganaji. Hao waliitwa Razakar. Sikilizeni jina hilo vizuri, maana limetoka katika asili moja na neno letu “ridhaa”. Maana yake ni mtu afanyaye kazi kwa ridhaa yake, yaani aliyejitolea. Ni neno jema lililogeuka kuwa tusi. Mpaka leo katika Bangladeshi kumwita mtu Razakar ni kumwambia kwamba aliiuza nchi yake. Neno hilo nalo tutakutana nalo tena, tena siku mbaya.

Sasa chukueni kalamu. Nchi ilikuwa huru, nyumba zimeungua, na vijana waliokuwa msituni walirudi bila kazi. Wengi waliacha masomo ili wapigane. Tarehe 5 Septemba 1972 serikali ya Mujib ilitoa amri ya kugawa kazi zake kwa mafungu. Andikeni P, ya wapiganaji, katika visanduku 30. Andikeni K, ya wanawake walioumizwa na vita, katika visanduku 10. Andikeni W, ya wilaya, katika visanduku 40, ili kila wilaya ipate kadiri ya watu wake, na wilaya za mbali zisimezwe na Dhaka. Hesabuni vilivyobaki vitupu. Ni 20 tu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa wazi kwa kila mtu, na mwenye kufaulu mtihani kuwapita wenzake ndiye aliyevipata.

Pengine mmoja wenu anasema pale nyuma ya darasa kwamba huo ni upendeleo. Ni upendeleo, ndiyo. Lakini mimi naona kwamba kwa mwaka 1972 ulikuwa na haki yake. Kijana aliyekuwa akibeba bunduki wakati mwenzake anasoma hawezi kushindana naye katika mtihani wa kuandika mwaka unaofuata. Aliyetoka wilaya isiyo na shule ya sekondari hawezi kushindana na mtoto wa mjini. Isitoshe, Wabengali wenyewe walikuwa wametoka katika dhuluma ya kunyimwa ofisi. Ilikuwa lazima wafikiri juu ya nani ataingia ofisini. Amri ile ilikuwa dawa. Tatizo la dawa hii ni kwamba hakuna aliyeandika juu ya chupa siku ya kuacha kuinywa.

Tufanye hesabu. Kijana alikuwa na miaka 20 wakati wa vita. Tuseme mtu akipita miaka 32 hapokelewi tena katika kazi ya serikali. Je, kijana wetu atapita umri huo mwaka gani? Toeni 20 katika 32, mpate 12. Ongezeni juu ya 1971. Ni baada ya 1983. Hata mtoto wa miaka 15 aliyepigana, na walikuwako, alimaliza nafasi yake mwaka 1988. Kwa hiyo kadiri miaka ilivyopita wapiganaji walizeeka, na visanduku vyenye P vikakosa wenyewe. Hapo busara ingesema: fungu limekwisha kazi yake, lipunguzwe. Mafungu mengine yalipunguzwa kweli. Mwaka 1976 la wilaya lilishushwa, na mwaka 1985 serikali ilipanga upya yote: wilaya 10, wanawake wote 10, makabila madogo, kama yale ya milima ya Chittagong, 5. Futeni basi, mwandike hivyo, na D iwe herufi ya makabila madogo. Vitupu sasa ni 45. Lakini P zenu msiziguse. Fungu la wapiganaji lilibaki 30 vile vile, ijapokuwa wapiganaji wenyewe walikuwa wameota mvi.

Kwa nini halikuguswa? Hapa lazima tuwasikilize wapiganaji nao. Mujib aliuawa na maafisa wa jeshi tarehe 15 Agosti 1975, karibu na jamaa zake wote waliokuwa nyumbani. Watawala wa kijeshi waliofuata waliwapa hata uwaziri watu ambao mwaka 1971 walikuwa upande wa Pakistani. Mzee aliyepoteza mguu msituni akawaona hao wakipita katika motokaa za serikali. Alichobakiwa nacho ni cheti chake cha upiganaji na fungu lile la kazi. Nani angethubutu kumwambia kwamba hilo nalo linaondolewa?

Binti mmoja wa Mujib, Sheikh Hasina, alikuwa ng'ambo usiku ule wa mauaji, akapona. Alipata uwaziri mkuu mwaka 1996, na mwaka 1997 serikali yake ikasema kwamba nafasi za wapiganaji zisipopata wapiganaji wapewe watoto wao. Alitoka madarakani mwaka 2001, akarudi mwaka 2009. Na baada ya kurudi, fungu likanyoshwa tena hata kwa wajukuu. Angalieni lilivyogeuka. Mwanzo lilikuwa malipo ya mtu kwa kazi aliyoifanya kwa mwili wake. Sasa limekuwa urithi kama shamba. Na orodha ya wapiganaji ilikuwa na majina karibu laki mbili, katika nchi ya watu mamilioni na mamilioni. Watu wa orodha hiyo na jamaa zao ni wachache, lakini walitengewa kazi 30 katika kila 100.

Tena orodha yenyewe haikuwa safi. Kila serikali mpya iliipitia upya, ikaongeza majina ya watu wake na kuondoa mengine. Mwaka 2014 makatibu wakuu kadhaa wa wizara, watu wakubwa kabisa, walifutiwa vyeti vyao vya upiganaji baada ya kuonekana kwamba hawakustahili kuwa navyo. Cheti kikiwa na faida kubwa hivyo, cheti hughushiwa.

Labda mtauliza, mbona kazi ya serikali inataniwa roho hivi? Katika Bangladeshi viwanda vya nguo vipo vingi, lakini mtu aliyehitimu chuo kikuu hapati kwa wepesi kazi inayomfaa. Kazi ya serikali ina mshahara usiokatika, ina pensheni, ina heshima mbele ya wakwe. Mwaka 2015 mishahara ya serikali iliongezwa ikakaribia kuwa maradufu, na watu wakazidi kuitamani. Mbele ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dhaka vijana hupanga foleni tangu alfajiri wapate kiti cha kusomea mtihani wa utumishi wa serikali. Katika miaka hii waombaji wa mtihani mmoja hupita laki tatu, na nafasi ni elfu mbili au tatu. (Neno “laki” tulilichukua huko huko Bara Hindi, Mbengali akihesabu waombaji hao hutumia neno hilo hilo.) Mimi mwenyewe nimewahi kusimama katika foleni ya kuombea kazi na bahasha yangu mkononi, watu mia na kitu kwa nafasi nne, na nakumbuka tulivyokuwa tukitazamana. Hatukuwa adui, lakini hatukuwa marafiki. Sasa fikirini foleni ya laki tatu, na kila mmoja anajua kwamba zaidi ya nusu ya visanduku vina herufi ya mtu mwingine. Maana walemavu nao walipewa fungu moja mwaka 2012, jambo jema, na jumla ya mafungu ikawa 56. Vitupu 44.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 wanachuo waliingia barabarani. Hawakutaka mafungu yafutwe. Walitaka yapunguzwe toka 56 yawe 10. Hasina, kwa hasira, akatangaza bungeni mwezi wa Aprili kwamba basi yote yaondoke, na mwezi wa Oktoba ikatoka hati ya kuyafuta katika kazi za daraja za juu. Wanawake na makabila madogo, ambao hakuna aliyewagombeza, wakapoteza visanduku vyao siku moja na wajukuu wa wapiganaji. Mtu akiombwa apunguze chumvi katika mchuzi, akaumwaga mchuzi wote, hajatii, amekasirika tu.

Jamaa za wapiganaji walikwenda mahakamani. Tarehe 5 Juni 2024 Mahakama Kuu ikasema hati ya mwaka 2018 haikuwa halali. Yaani mafungu yamerudi, na P zenu 30 zimerudi pamoja nayo. Serikali ilikata rufani, na wakubwa wakawaambia wanachuo wangoje mahakama. Wanachuo hawakungoja. Kuanzia Julai walifunga barabara za Dhaka na miji mingine, wakaketi juu ya reli. Jina walilojipa lilikuwa Wanafunzi Wapinga Ubaguzi. Wasichana walikuwa wengi mstari wa mbele, ijapokuwa wao wenyewe walikuwa na fungu katika mpango ule.

Mpaka hapo ilikuwa shauri la kazi, na ingeweza kumalizwa mezani. Tarehe 14 Julai Hasina alizungumza na waandishi wa habari. Akauliza, ikiwa wajukuu wa wapiganaji hawapati kazi, je, wapewe wajukuu wa Razakar? Sasa mnaelewa kwa nini niliwaambia mlishike neno lile. Vijana waliozaliwa miaka 30 baada ya vita, na wengi babu zao waliteswa vitani kama watu wote, walisikia kwamba wanaitwa uzao wa wasaliti kwa sababu wameomba kushindana sawasawa. Usiku ule ule walitoka mabwenini kwa maelfu, wakajiita Razakar wenyewe kwa sauti kubwa, kwa kejeli na uchungu. Tusi lililotisha watu kwa miaka 50 likapoteza makali yake katika usiku mmoja.

Kesho yake vijana wa chama kilichotawala waliwapiga wanachuo katika Chuo Kikuu cha Dhaka kwa marungu na vyuma. Tarehe 16 Julai, katika mji wa Rangpur, mwanachuo aitwaye Abu Sayed alisimama peke yake mbele ya polisi, amenyosha mikono yake kulia na kushoto, hana silaha ila kijiti. Walimpiga risasi. Watu sita walikufa siku ile katika miji mbalimbali, na picha ya Abu Sayed ikaenea nchi nzima. Tarehe 18 serikali ilikata intaneti, tarehe 19 ikatangaza amri ya kutotoka nje na kuleta jeshi mitaani. Risasi hazikukoma.

Tarehe 21 Julai mahakama ya rufani ilitoa hukumu, mapema kuliko siku iliyokuwa imewekwa. Futeni tena visanduku vyenu. P sasa ni 5, ya watoto, si wajukuu. D ni 1. Walemavu na watu wa jinsia ya tatu, 1 kwa wote. K hakuna. Vilivyobaki 93 ni vitupu, wazi kwa kila mtu. Na hata P hizo 5 zifanyieni hesabu: mtoto wa mpiganaji ambaye hajapita miaka 32 mwaka 2024 amezaliwa mwaka 1992 au baadaye, wakati kijana wetu wa miaka 20 alikuwa na miaka 41 au zaidi. Watoto kama hao wapo, lakini si wengi, na nafasi zisizopata mtu hupewa waliofaulu.

Basi wanachuo walikuwa wamepata zaidi ya walichoomba. Mbona hawakurudi darasani? Kwa sababu kati ya tarehe 16 na 21 walikuwa wamezika wenzao. Ombi la visanduku lilijibiwa, lakini hakuna hukumu ya mafungu inayoweza kujibu swali la nani aliamuru risasi. Wazazi walitoka, wakatoka wanasheria, walimu, wavuta riksho. Wakakumbuka na mengine: uchaguzi wa Januari mwaka ule, ambao chama kikuu cha upinzani kiliususia; watu waliotoweka; magereza yaliyojaa. Tarehe 3 Agosti wanachuo walikusanyika penye mnara wa kumbukumbu ya waliouawa mwaka 1952 kwa ajili ya lugha, wakatangaza kwamba sasa wana dai moja tu: Waziri Mkuu aondoke.

Tarehe 5 Agosti umati mkubwa uliandamana kuelekea nyumba yake. Kabla haujafika, Hasina alipanda helikopta akakimbilia India, na mkuu wa majeshi akatangaza kwamba amejiuzulu. Alikuwa ametawala miaka 15 mfululizo. Tarehe 8 Agosti Muhammad Yunus, yule aliyepata Nishani ya Nobel kwa kuwakopesha maskini, aliapishwa kuongoza serikali ya muda, na wawili kati ya viongozi wa wanachuo wakaingia katika baraza lake. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilichapa taarifa mwezi wa Februari 2025. Ilikadiria kwamba tangu tarehe 1 Julai mpaka 15 Agosti 2024 huenda watu kufikia 1,400 waliuawa, wengi wao kwa risasi za askari, na katika kila 100 kama 12 au 13 walikuwa watoto.

Katika siku zile watu wenye hasira walibomoa sanamu za Mujib, na nyumba alimouawa ikachomwa moto. Naona uchungu kusema habari hii, maana mtu huyo ndiye aliyeongoza taifa lile likazaliwa. Lakini jina lake lilikuwa limetumiwa miaka mingi kama ufunguo wa mlango wa ofisi, na waliofungiwa nje waliuchukia ufunguo.

Kazi yenu ya wiki hii. Tazameni daftari: mwaka 1985 mlikuwa na K 10 na D 5, na sasa hamna K, na D ni moja. Msichana wa kijiji cha mtoni, na mvulana wa kabila dogo la milimani, wanaingia katika foleni ya laki tatu pamoja na mtoto wa Dhaka aliyesomeshwa na walimu wa kulipwa. Ungekuwa hakimu tarehe 21 Julai, ungeacha visanduku vingapi na herufi, vya nani, na kwa miaka mingapi? Andikeni sentensi tatu, kwa wino, na muwe tayari kuzisoma mbele ya wenzenu. Kwaherini.